Mota Kubwa Peke Yake Siyo Dawa

Ndugu wanaushirika,

Mkutano wa Jumamosi utaamua juu ya fedha za mashine yetu ya kusaga. Hoja iliyopo ni kuuza mota ya hosipawa 10 na kununua ya hosipawa 20, kwa sababu hii tuliyonayo jioni inaguna tu, haizunguki, na kina mama wanabeba debe kichwani mpaka kijiji cha pili. Shida hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yenyewe hatuikubali kabla ya kupima.

Tutazame mkokoteni wa magunia. Kuung'oa pale uliposimama watu wanne wanatoka jasho. Ukishatembea, vijana wawili wanatosha. Na mota ni vivyo hivyo. Hosipawa zilizoandikwa kwenye kibati ni nguvu ya kazi, mota ikiwa imeshashika mwendo. Nguvu ya kuanzia ni habari nyingine, na ndiyo inayotushinda sisi, maana mota hii ikishaanza inasaga vizuri mpaka debe la mwisho.

Mota ya kawaida ya fezi tatu ikiwashwa moja kwa moja inavuta umeme kama mara 6 ya ule wa kazi, lakini nguvu ya kuzungusha inayotoa ni kama mara 2 tu. Na volti zikishuka, nguvu hiyo inashuka zaidi. Waliopita darasa la kisomo wapige hesabu: kutoka volti 400 hadi 320 zimebaki 8 katika 10. Nguvu inabaki 8 mara 8, yaani 64 katika 100. Halafu swichi yetu ni ya sta-delta, ambayo mwanzoni inaruhusu theluthi moja tu. Theluthi ya 64 ni kama 21. Basi ile mara 2 imekwisha kuwa chini ya nusu ya nguvu ya kazi! Kinu kikiwa kitupu mota itakwenda. Kikiwa na mahindi yaliyobaki pale umeme ulipokatika, itaguna. Swichi ikirukia delta nayo bado imesimama, umeme ukiwa hata mara 5 tu, joto ndani ya koili ni mara 25. Ndiyo ile harufu.

Sasa mota ya hosipawa 20 wakati wa kuanza itavuta karibu mara mbili ya hii, kwenye waya ule ule mwembamba na mrefu. Volti zitazidi kushuka. Kuongeza ndoo hakuongezi maji ya kisima.

Alhamisi saa 12 jioni fundi atapima volti pale pale kwenye mota, wakati wa kuwasha, kinu kikiwa kitupu. Zikiwa zimeshuka sana, fedha ziende kwenye waya mnene. Zikiwa nzuri na mota bado haiendi, na mkanda na beringi ni salama, hapo na sisi tutanyoosha mkono kwa mota kubwa, na muuzaji atuambie nguvu yake ya kuanzia, siyo hosipawa tu.

Mpaka siku hiyo, umeme ukikatika mwendeshaji azime swichi kubwa, afunge mlango wa mahindi, atoe yaliyomo kinuni ndipo awashe tena. Na yule anayefunga waya mahali pa fyuzi aache mara moja. Mtunza hazina asitoe fedha kabla vipimo havijabandikwa hapa ubaoni.