Kidhibiti Joto Kichaguliwe kwa Siku Kitakapoharibika

Kuyeyusha metali nyumbani siku hizi si kazi ya mafundi wa gereji peke yao. Wapo wanachuo wenzetu wanaotengeneza chubwi za kuvulia kwa risasi, na wengine wanasubu medali na vishikio vya makabati kwa aluminiamu ya sufuria chakavu. Ni jambo jema, boom lenyewe tunalijua. Tatizo ni mpangilio wa matumizi. Pesa inaishia kwenye chungu na koili, halafu kidhibiti joto kinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Wengine hawanunui kabisa. Wanakwambia, "Fundi wa mtaani anatumia macho tu, miaka nenda miaka rudi."

Fundi wa mtaani simbezi. Mhunzi anayefua jembe ana haki ya kuamini macho yake, maana chuma chake kinafulika kikiwa chekundu. Lakini risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na vitu havianzi kuonekana vyekundu kwa moto, hata gizani, mpaka vikaribie nyuzi 525. Katikati ya namba hizo jicho ni kipofu. Na ni humohumo, kuelekea nyuzi 480 hadi 500, ambamo mvuke wa risasi unaanza kuwa hatari kubwa. Anayesubiri rangi nyekundu ndipo apunguze moto, keshavuta hewa hiyo. Aluminiamu nayo inayeyuka kwenye 660, lakini mchana kweupe inabaki kung'aa kama fedha. Huwezi kutofautisha 670 na 750 kwa kutazama.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inaathiri ubongo unaokua. Mageto yetu mengi yako kwenye nyumba za watu wenye watoto. Hapo suala la kidhibiti linaacha kuwa la mtu binafsi.

Haya, kipi kinunuliwe? Themostati ya kawaida, kama ile ya pasi, inajua mambo mawili: kuwasha na kuzima. Ikizima, koili bado ina moto, kwa hiyo chungu kinaendelea kupanda kupita pale ulipotaka. Kidhibiti cha PID kinapima umbali uliobaki, kosa lililojikusanya na kasi ya mabadiliko, kisha kinapunguza umeme mapema, kama dereva mzuri anavyoachia mafuta kabla ya kufika kituoni. Nadharia yake Nicolas Minorsky aliiandika mwaka 1922, baada ya kuchunguza namna mabaharia wanavyoshika usukani wa meli. Kwa usahihi, PID inashinda, na wengi tunakubaliana hapo.

Ila hoja yangu si usahihi. Vidhibiti vyote vinapendeza vikiwa vizima. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kikiharibika, kinaharibikia upande gani?

Anza na relei ya kielektroniki inayowasha koili. Ikifa, mara nyingi inafa ikiwa imeshikana. Kidhibiti kimeshasema zima, taa yake imezimika, lakini umeme unaendelea kupita. Koili ya wati 2,000 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 9, na relei ya namna hii hutoa takriban wati moja ya joto kwa kila ampea. Bila bati la kuipooza itaungua, hata kama kwa nje imeandikwa ampea 25. Kwa hiyo lazima pawe na mkono wa pili: kontakta inayokata umeme ikiamriwa na alamu ya kidhibiti, au bora zaidi, kikata joto kinachojitegemea chenye kihisi chake. Kidhibiti kisicho na njia ya alamu kirudishe kwenye rafu.

Halafu kihisi. Themokapo aina ya K inatosha kwa risasi na aluminiamu, lakini ikichomoka kwenye chungu itasoma joto la hewa, na kidhibiti kitazidi kuongeza moto. Ifungwe imara. Nyaya zake zikipishana, namba inashuka wakati joto linapanda. Na rangi zinadanganya: kwa mfumo wa Marekani waya mwekundu ni hasi, na kwa mfumo wa kimataifa wa IEC kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Ijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka, kisha ikaushe kabisa, maana tone la maji ndani ya metali iliyoyeyuka linalipuka.

Mwisho, umeme. Ukikatika ukiwa kazini, ukarudi wakati uko darasani, je, chungu kinawaka chenyewe? Kinachofaa ni swichi inayobaki imezima mpaka mtu aibonyeze.

Najua jibu: "Yote hayo ni hela." Kweli. Lakini chungu kidogo chenye kinga mbili ni bora kuliko kikubwa kisicho nayo, na asiyemudu kinga aache risasi kwanza. Tena hata kidhibiti bora hakiondoi vumbi la taka inayoelea juu. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, na nguo za kazi zisiingie chumbani. Kuvunja betri za gari uani kwa ajili ya risasi ni marufuku kwa mwenye akili timamu.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuchora mchoro wa themokapo ubaoni, na wengi tunahitimu bila kuishika. Kesho ndio tutakaosimamia maabara za shule. Serikali ya wanafunzi ingeweza kuomba meza moja kwenye karakana ya chuo, yenye kidhibiti kimoja kizuri na kikata joto chake, wanaoyeyusha wakafanyie hapo kwa zamu na wa fizikia wajifunzie. Gharama ya meza hiyo wakigawana watu ishirini, hakuna atakayebaki na sababu ya kuyeyusha risasi kwa macho nyuma ya geto.