Dawa ya panya haiwezi kulinda kichwa chako

Mara kwa mara hutangazwa kwamba wanasayansi wamegundua dawa ambayo panya wakidungwa, ubongo wao hauumii sana wanapogongwa kichwani. Wagonjwa wangu husikia habari hizo na kuniuliza: daktari, dawa hiyo inauzwa wapi? Swali hilo nalielewa. Anayepanda bodaboda kila asubuhi kutoka Kangemi hadi Westlands anajua hatari iliyoko. Lakini haiuzwi popote.

Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Madini ya potasiamu hutoka ndani ya seli, ya kalsiamu huingia kwa wingi, na seli huhitaji nguvu nyingi wakati ule ule damu inayozifikia imepungua. Hata pigo dogo lisilomzimisha mtu huweza kuleta hali hii. Hapo ndipo dawa hutarajiwa kufanya kazi, na kwa panya mara nyingi hufanya. Panya wa maabara ni wa umri mmoja na ukoo mmoja, pigo limepimwa, na dawa hutolewa baada ya dakika chache. Aliyeanguka Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni huenda ana miaka 60, ana shinikizo la damu, na msongamano wa magari umemzuia kufika Hospitali ya Kenyatta kwa saa mbili.

Homoni ya projesteroni iliwasaidia sana panya. Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa kwa binadamu, yenye wagonjwa zaidi ya 2,000, yalionyesha kuwa haikuwafaa kitu. Dawa za steroidi zilitumiwa hospitalini kwa miaka mingi hadi jaribio la wagonjwa 10,008 lilipoonyesha, mwaka 2004, kwamba waliopewa walikufa kwa wingi zaidi: asilimia 21 dhidi ya 18. Mtu asikuuzie vidonge hivyo vya "kupunguza uvimbe wa kichwa" kwenye duka la dawa.

Sipingi utafiti kwa wanyama. Mwaka 2019 ilibainika kwamba dawa ya kuzuia damu kuvuja, traneksamiki, huokoa baadhi ya waliojeruhiwa kichwani kwa kiasi, ikitolewa ndani ya saa tatu. Hiyo ni kazi ya hospitali, tena ya kuwahi.

Kinachonikera ni kwamba kinga tunayo. Helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Sheria ya trafiki yataka abiria naye avae, ilhali helmeti yake, kama ipo, huning'inia kwenye usukani. Akina mama huniambia inaharibu nywele zilizosukwa na inanuka jasho la wengine. Ni kweli inanuka! Funga leso kwanza, kisha uvae. Na asiye nayo, mwache aende. Wa pili yuko nyuma yake.

Aliyegonga kichwa asipewe aspirini, kwani huzuia damu kuganda. Mtu mzima akae naye usiku wa kwanza. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, maumivu yakizidi, akiongea ovyo, au maji au damu ikitoka sikioni, apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama alitembea mwenyewe hadi nyumbani.