Ziwa Halina Kosa, Tazama Bati Lako

Mwandishi aliyedai kwamba vituo vidogo vya hali ya hewa havifai mtaa wa Milimani hapa Kisumu kwa kuwa unyevu wa ziwa humeza mawimbi ya redio amekosea, na kosa lake litawatia watu hasara.

Vifaa vingi vya aina hii hutuma vipimo kutoka kihisi cha nje hadi skrini ya ndani kwa redio ya megahezi 433, 868 au 915. Kutoka bustanini hadi sebuleni, unyevu wa hewa hauyapunguzi mawimbi hayo kwa kiasi cha kuhisiwa. Kinachoyazuia ni chuma: paa la mabati, geti, nondo za madirisha. Kuta nene za mawe nazo huyadhoofisha. Mita 100 ambazo mara nyingi huandikwa kwenye boksi ni za mahali peupe, si za nyumba zetu.

Kabla ya kulilaumu ziwa, tia betri mpya, kisha weka kihisi na skrini chumba kimoja, mita tatu hivi. Zikisomana, kifaa ni kizima. Tatizo liko njiani. Sogeza kihisi hatua kwa hatua, na kizuizi kitajifichua chenyewe. Skrini nayo ikae karibu na dirisha, mbali na televisheni na ruta.

Nasisitiza haya kwa sababu mvua ya alasiri hapa Kisumu huweza kulowesha mtaa mmoja na kuuacha mwingine mkavu. Kipimo cha uwanja wa ndege hakiwezi kuisemea Milimani. Tusitupe kipimo chetu kwa kosa la bati.