Spa za Marangu: Kabla ya Masaji, Tuongee Kwanza Maji

Leo tuwaache wanasiasa wapumzike kidogo. Tupande gari pale Himo, tupandishe taratibu mpaka Marangu Mtoni, halafu tutazame mabango ya barabarani. Zamani bango la huku lilikuwa na maneno mawili tu: vyumba na chakula. Siku hizi unakuta masaji, sauna, yoga, na chini yake kwa herufi za kijani: "rafiki wa mazingira".

Mimi sina ugomvi na masaji. Mtu aliyetoka kupanda mlima wa mita 5,895 ana haki ya kukandwa miguu! Na biashara yenyewe ina akili. Watalii wengi wakishuka Kibo hawakai hata siku mbili. Wanaoga, wanalala, kesho yake wako uwanja wa ndege wa KIA, safari ya Zanzibar. Kule ndiko wanakopumzika, wanakopakwa mafuta ya karafuu, na ndiko hela ya starehe inakobaki. Sisi tunabaki na vumbi la viatu vyao. Kwa hiyo mtu wa Marangu akisema "na mimi nataka mgeni alale hapa siku tatu zaidi", simlaumu hata kidogo.

Ila tukiiga kisiwa, tuige na somo lake. Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu maji na utalii katika vijiji vya Zanzibar kama Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilikuta kaya ya kijijini inatumia wastani wa lita 93 hivi kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano? Lita 3,195. Yaani chumba kimoja kinakunywa maji ya kaya zaidi ya 30. Mabwawa ya kuogelea, bustani za majani, mashuka ya kufua kila siku, vyote hivyo vinataka maji, na yanatoka ardhini palepale ambapo mama wa kijijini anachota ndoo yake.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Bro, Marangu si kisiwa, sisi tuna mlima, maji yanashuka yenyewe." Hapo ndipo tunapojidanganya. Wengi wetu tunadhani ile barafu ya Kibo ndiyo tenki letu. Siyo. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na hata ilipokuwa nyingi haikuwa chanzo kikubwa cha mito yetu. Watafiti kama Andreas Hemp, aliyesoma misitu ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba maji yetu karibu yote yanatokana na ule mkanda wa msitu. Msitu unapokea mvua, unanasa ukungu na kuyaachia maji polepole. Sasa msitu huo umeungua mara ngapi? Oktoba 2020 tuliona moto, Oktoba 2022 tukauona tena. Kila moto ukila miti ya juu, tenki letu linatoboka.

Tukishuka kwenye vihamba tunakuta mfereji. Wazee wetu walichimba mifereji, wengine wanaiita mifongo, muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kufika hapa. Walitoa maji kwenye korongo la mto wakayapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye migomba, bila pampu wala umeme. Lakini ujanja mkubwa haukuwa kuchimba. Ulikuwa sheria. Mfereji una wenyewe na una zamu. Siku yako unafungulia, zamu ikiisha unafunga. Siku ya kusafisha kila nyumba inatoa mtu na jembe. Usipotokea, unalipa faini. Ukiiba maji usiku, mtaitana.

Sasa swali langu: hiyo spa mpya yenye bwawa la kuogelea ina zamu gani kwenye mfereji? Siku ya kusafisha inamtoa nani?

Mtaniambia wana kibali. Sawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko palepale Moshi mjini. Lakini kibali ni karatasi kati ya mwekezaji na serikali. Mfereji ni makubaliano kati yako na jirani yako wa chini, yule ambaye kiangazi kikikaza ndiye anayeona maji yakikata. Mwenye spa anayetaka kuitwa rafiki wa mazingira anahitaji vyote viwili: kibali ofisini na jembe mferejini.

Tuje kwenye kuni. Sauna ni moto. Maji ya moto ya kuoga wageni ishirini ni moto. Kama unachoma kuni halafu unaandika "kijani" getini, unamdanganya nani? Jua lipo, mitambo ya kuchemsha maji kwa jua ipo, na biogesi ya kinyesi cha ng'ombe si jambo la ajabu huku kwetu ambako ng'ombe analishwa bandani. Hayo ndiyo ya kuuliza. Rangi ya bango haipikii mtu maji.

Halafu kazi, maana najua vijana wenzangu mnaosoma hapa mnalipia dakika zenu kafe huku mnatafuta ajira. Wagumu wanaopandisha mizigo wamepigania kwa miaka mingi kikomo cha kilo 20 na malipo ya haki. Tusianze upya safari hiyohiyo kwenye spa, binti wa Mwika akande watu kutwa nzima kwa "tipu" tu bila mkataba. Na vitu vya kupaka vitoke wapi? Angalia Paje, ambako wanawake wa mwani walichoka kuuza mwani mkavu kwa bei ya kutupa, baadhi yao wakaanza kutengeneza sabuni na krimu. Sisi tuna kahawa, tuna parachichi, tuna asali. KNCU ipo tangu 1933, na mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa yetu inaondoka mbichi. Itakuwa aibu mgeni asuguliwe ngozi Marangu kwa unga wa kahawa uliotoka Ulaya kwenye kikopo.

Tuseme na ukweli wetu pia. Siyo wawekezaji peke yao. Ni sisi tunaouza kihamba cha babu kipande kwa kipande, tunaokata miti ya kivuli, tunaoacha mifereji ijae takataka kwa sababu kijana msomi anaona aibu kushika jembe. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia: migomba, kahawa, miti mirefu, ng'ombe na mfereji, vyote kwenye kiwanja kimoja. Yaani kile ambacho spa zinauza kwa dola ndicho bibi yako alikuwa anakiishi bure. Tukikiacha kife, mgeni atakuja kupumzika kwenye nini?

Kwa hiyo mdau, ukipita kwenye geti lenye neno "mazingira", iwe unatafuta kazi, unapeleka mgeni au una jamaa serikali ya kijiji, uliza matatu tu: Maji yenu yana zamu? Moto wenu unatoka wapi? Mfanyakazi wenu ana mkataba? Akijibu yote vizuri, mpe mkono, huyo ni jirani. Akianza kukuonyesha maua, ujue ni bango tu.

Nawasilisha. Mlioko Marangu, Mwika, Kilema na Machame, mfereji wenu bado unatiririka? Na nyie wa Nungwi, tuambieni mlijifunza nini. Uwanja ni wenu, ila matusi hapana.