TAMKO LA TAWI: LENGO LA KUSOMA LIWE LA MTOTO, SI LA DARASA



Kila tunapotembelea kitengo cha elimu maalumu tunabeba sabuni na madaftari. Tunapiga picha na watoto, tunauliza vitanda viko vingapi, tunaondoka. Safari iliyopita mwalimu mmoja alitusindikiza hadi getini akasema kwa upole kwamba hakuna aliyemuuliza ni mtoto gani ameanza kusoma. Hatukuwa na jibu.

Kamati ya Tawi imelijadili hilo, na msimamo wetu ni huu: mzazi, mwalimu wa elimu maalumu na mtoto mwenyewe wakae wakubaliane, mtoto huyu asome nini, na hadi lini. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umesimama juu ya KKK, na tunaunga mkono. Ila lengo la darasa zima humficha mtoto mmoja. Hapa Ufipa hakuna mkulima anayetarajia magunia sawa kutoka shamba la bondeni na la mlimani.

Mtoto asiyeona anaanza na vidole, kuzitambua nukta sita za nukta nundu. Muhula wa kwanza herufi kumi na jina lake zinaweza kumtosha. Kiziwi ukimpima kwa kusoma kwa sauti umemwonea. Lugha yake ni ya alama, na nyumbani wasipojua alama hata ishirini, neno la kitabuni linakosa pa kushika. Mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali. Apewe maandishi makubwa na kiti cha mbele, ndipo tuulize kasi yake. Mwenye ulemavu wa akili anaweza kuanza na jina lake, "choo", "hatari", "chumvi". Anayeyadharau maneno hayo afikirie mtoto aliyepotea stendi.

Baadhi yenu mlisema hili si la Chama. Tunakubali nusu. Mjumbe wa tawi asiingie darasani kudai asilimia. Tukidai takwimu tutapewa takwimu, na mtoto atabaki alipo. Hatua za kusoma anazijua mwalimu aliyesomea fani hiyo. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya watoto hawa kupata elimu, na humu kwetu wamo wazazi, wajumbe wa kamati za shule na viongozi wa mitaa. Hao hawawezi kusema hayawahusu.

Kikwazo kikubwa ni wakati. Mzazi wa Laela, Matai au Namanyere hapandi gari mara mbili kwa mwezi kuja mjini. Mei hadi Julai yuko kwenye mahindi, kisha anahangaika kuyauza. Mkutano wa msimu huo unahudhuriwa na viti. Kwa hiyo tunaziomba kamati za shule zitumie siku ya kufungua shule, mzazi anapomleta mtoto bwenini. Dakika ishirini zinatosha: karatasi moja, nakala mbili. Mzazi asiyesoma aelezwe kwa mdomo, hata kwa Kifipa. Likizo ikiisha arudi aseme kipi kimewezekana nyumbani na kipi kimeshindikana, bila kugombezwa.

Na mwalimu asibebeshwe lengo huku karatasi za nukta nundu zimekwisha. Tutamwomba diwani alifikishe hilo halmashauri, na tutawaletea majibu hapa, yawe mazuri au mabaya. Sabuni tutaendelea kupeleka, inahitajika.

Wajumbe wa mashina: mwenye mtoto aliye kitengoni, au aliyefichwa nyumbani, amwone Katibu wa Tawi ana kwa ana kabla ya Jumapili. Tafadhali msitume majina wala picha za watoto kwenye simu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Sumbawanga Mjini.