Tikisa Chupa Kabla ya Kumpa Mtoto Dawa

Chukua glasi mbili za maji, msomaji mpenzi. Ya kwanza itie kijiko cha sukari, ya pili kijiko cha unga wa mahindi. Koroga zote, kisha uziache mezani hadi umalize kuosha vyombo.

Ukirudi utakuta sukari haionekani, wala haitaonekana hata ukingoja mpaka kesho. Imeyeyuka. Chembe zake zimetawanyika sawasawa majini, hivi kwamba tone la juu lina utamu ule ule wa tone la chini. Hata ukichuja kwa kitambaa, utamu utapita na maji. Huo ndio myeyusho. Unga nao umeketi chini, kwani haukuyeyuka. Ulikuwa umebebwa tu na mkorogo wako.

Wanafunzi watasema hayo ni ya darasani. Basi na wafungue kabati la dawa nyumbani.

Dawa nyingi za watoto za kuua viini, mathalani amoksisilini, huuzwa zikiwa unga ndani ya chupa. Hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama. Unga ule hauyeyuki wote. Huelea kwa muda, kisha hushuka chini kama ule wa mahindi. Ndiyo sababu kibandiko kinaagiza chupa itikiswe. Mzazi asiyetikisa humpa mtoto maji mengi na dawa kidogo siku za kwanza, wakati viini vingali na nguvu. Siku za mwisho mtoto humeza dawa nzito kupita kipimo. Halafu lawama humwendea daktari! Tikisa kila mara, si siku ya kwanza pekee, na upime papo hapo kabla dawa haijatulia.

Maji ya sukari na chumvi ya mtoto anayeharisha ni kinyume cha hayo. Lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Yakishayeyusha kila punje hayahitaji kutikiswa tena. Hatari yake iko kwenye kipimo: chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na macho hayawezi kukuonya. Kwa hiyo onja kwanza. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Pakiti za zahanati ni bora zaidi, mradi zitiwe katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.