Kazi Haina Uhakika, Basi Nunua Bastola?

Hoja yenyewe mmeshaisikia, wasomaji. Inazunguka miongoni mwa vijana wa teknolojia huko Marekani, na vijana wetu waliotoka Nairobi na Dar es Salaam kwenda kutafuta ajira ya kwanza Dallas au Seattle wameipokea na kuipitisha, kwenye nyama choma za Jumamosi na kwenye sauti za WhatsApp. Inasema hivi: kampuni kubwa zimeonyesha kuwa hazina huruma, kazi ya kwanza inaweza kwisha kwa baruapepe moja, polisi hawafiki kwa wakati, na kijana mwenye akili hununua bastola yake ya kwanza sasa, angali ana mshahara. Nimeisikiliza kwa makini. Ina mambo ya kweli ndani yake, na nitayakubali moja baada ya jingine, kisha niwaonyeshe yanapoishia. Hukumu ni yenu.

Tuanze na dai lenye nguvu kuliko yote: kwamba ajira ya teknolojia imewageuka wanaoanza. Ni kweli, imewageuka. Novemba 2022 Meta ilitangaza kuwaachisha kazi watu 11,000. Januari iliyofuata Amazon ikataja 18,000, Google 12,000, Microsoft 10,000. Tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani lilipotoa takwimu za 2023 kuhusu wahitimu wa miaka 22 hadi 27, waliosomea sayansi ya kompyuta walionekana kuwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 6.1, na waliosomea uhandisi wa kompyuta asilimia 7.5. Mwenye hoja huitaja hiyo 6.1 na kuishia hapo. Safu nyingine ya jedwali hilohilo inaonyesha ni wahitimu wangapi wanafanya kazi isiyohitaji shahada. Kwa sayansi ya kompyuta ni asilimia 16.5, kwa wahitimu wote kwa jumla ni karibu 40. Yaani kijana wa kompyuta anaweza kusota akitafuta kazi, lakini akiipata, mara nyingi ni kazi inayolingana na elimu yake. Hilo ni tatizo la miezi ya kusubiri, na linauma. Ila anayesoma safu moja na kuiacha ya pili asituambie kuwa amelisoma jedwali.

Kutoka hapo anaruka: kwa kuwa mambo hayatabiriki, jiandae, na bastola ni sehemu ya maandalizi. Maandalizi dhidi ya nini? Aliyeachishwa kazi anaandamwa na kodi ya nyumba, bima ya afya iliyokuwa inalipiwa na mwajiri, na mkopo wa chuo. Hakuna hata kimoja kinachopigwa risasi. Isitoshe, mtu huyohuyo anawahimiza vijana wajiwekee akiba ya matumizi ya miezi sita na wasitoe hata senti kwa kitu kisicho cha lazima. Papo hapo anawatuma dukani kununua bastola, kasiki ya kuifungia, risasi za mazoezi, mafunzo, na ada ya uwanja wa shabaha. Achague moja: ama akiba ndiyo kinga, ama si kinga.

Dai la kwamba uhalifu unapanda halihitaji muda mrefu. Mwaka 2020 mauaji yalipanda Marekani kwa karibu asilimia 30, na hofu ya wakati ule ilikuwa na msingi. Tangu 2022 yamekuwa yakishuka, na kwa takwimu za FBI, mwaka 2024 yalipungua kwa karibu asilimia 15 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Hoja imebaki 2020, haijasogea.

Linalofuata linawagusa watu wetu moja kwa moja, na hapa mwenye hoja amekuwa mzembe kupita kiasi. Anasema: Katiba ya Marekani inampa kila mtu haki ya kumiliki silaha, Mahakama Kuu ilithibitisha katika kesi ya Heller mwaka 2008 na ya Bruen mwaka 2022, basi usiogope. Kesi hizo zipo, na zilisema kwa kiasi kikubwa anachodai zilisema. Tatizo ni neno lake “kila mtu”. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia nchini kwa viza ya muda kumiliki silaha, isipokuwa anapoangukia kwenye vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Kijana wa viza ya mwanafunzi au ya kazi ya H-1B, kwa kawaida, haruhusiwi. Mnunuzi hujaza fomu namba 4473 dukani na kutia saini, na kudanganya humo ni kosa la jinai.

“Basi kata leseni ya uwindaji,” anajibu, akicheka. Njia hiyo ni halali, sikatai. Lakini mkumbuke hoja yake ilianzia wapi: kazi inaweza kwisha wakati wowote. Mhitimu wa kigeni anayefanya kazi kwa kibali cha baada ya masomo anaruhusiwa kukaa bila ajira siku 90 tu kwa jumla, na akiongezewa muda kwa ajili ya fani za sayansi na teknolojia, siku 150. Mwenye H-1B aliyeachishwa ana hadi siku 60. Zikipita na hadhi yake ya uhamiaji ikapotea, leseni ya uwindaji haimwokoi tena, kwa sababu sasa anaweza kuhesabiwa kuwa yupo nchini kinyume cha sheria, na kuwa na silaha katika hali hiyo ni kosa linalojitegemea.

Sidhanii. Ipo kesi ya Rehaif dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2019. Raia wa Falme za Kiarabu aliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, akashindwa masomo, chuo kikamwondoa na kumwarifu kwamba hadhi yake ya uhamiaji ingefutwa asipohamia chuo kingine au kuondoka. Baadaye akaenda kwenye uwanja wa shabaha, akafyatua silaha mbili. Alishtakiwa na kutiwa hatiani. Mahakama Kuu ilitengua hukumu ile kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikisema kwamba serikali ilipaswa kuthibitisha kuwa alijua yumo katika kundi lililokatazwa. Sasa mpime wenyewe. Aliyepoteza kazi, akazihesabu siku zake kwenye kalenda kila asubuhi, atamwambiaje hakimu kwamba hakujua? Ushauri huu unampa kijana mwenye hofu ya kupoteza kazi kitu kinachoweza kumfanya mhalifu siku hasa atakapoipoteza kazi hiyo.

Twende kwenye takwimu anayoipenda: kwamba Wamarekani hujilinda kwa bunduki mara milioni 2.5 kwa mwaka. Chanzo ni utafiti wa Gary Kleck na Marc Gertz uliochapishwa mwaka 1995. Walipiga simu kwa watu wapatao 5,000, wakawauliza, kisha wakazidisha majibu hadi yakafikia idadi ya nchi nzima. Jambo linapokuwa adimu, wachache tu wanaokosea tarehe au wanaotia chumvi wanatosha kuivimbisha jumla. David Hemenway wa Harvard alifanya hesabu ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuirudia. Kwa majibu yale, bunduki zilitumika dhidi ya wezi wa majumbani kama mara 845,000 kwa mwaka. Nyumba zilizovunjwa huku kukiwa na mtu ndani zilikuwa takriban milioni 1.3, na ni chini ya nusu ya nyumba za Marekani zilizokuwa na bunduki. Hata wenye bunduki wote wangekuwa macho, na wote wangeitumia, jumla haifiki. Hemenway na Sara Solnick walipochambua uchunguzi wa serikali wa wahanga wa uhalifu wa 2007 hadi 2011, walikuta kwamba aliyeshambuliwa alitumia bunduki katika asilimia 0.9 ya matukio. Waliojihami kwa bunduki walijeruhiwa baadaye kwa asilimia 4.1, waliojihami kwa njia yoyote ile, 4.2. Tofauti haionekani.

Mbele ya takwimu zinazompinga, mtu huyu hugeuka mwanasayansi mkali: “Huo ni uhusiano tu, si sababu.” Kwa utafiti wa simu wa 1995 hakuuliza swali hilo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Na takwimu zinazompinga ni nzito. Mwaka 2020 David Studdert na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la New England matokeo ya kuwafuatilia wakazi milioni 26 wa California kwa miaka 12. Kati yao, 676,425 walinunua bastola katika kipindi hicho. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara 8 ya wasio nayo. Wanawake, mara 35. Mtaniuliza, na ni swali la haki: je, si kwamba waliokwisha kuamua kufa ndio walionunua? Wapo wa namna hiyo, na ndiyo maana hatari ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote mara tu baada ya ununuzi wa kwanza. Lakini zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka mmoja au zaidi. Hao hawakwenda dukani wakiwa na nia hiyo. Walikwenda, pengine, kwa sababu zilezile anazozitaja mwenye hoja. Vifo vya kujiua kwa njia nyingine havikuwa vingi zaidi kwao, ila ukijumlisha njia zote, wanaume wenye bastola walijiua zaidi ya mara tatu ya wenzao. Nchi nzima sura ni hiyohiyo: mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani, na 26,328 kati yao walijiua.

“Hao ni wagonjwa,” anasema. “Mtu mzima wa akili hahusiki.” Hili ndilo dai linaloniudhi, kwa sababu linaibomoa hoja yake nzima na hajaona. Alituambia kwamba kupoteza kazi ya kwanza ugenini ni pigo: aibu mbele ya waliokuchangia nauli, usingizi kukatika, deni kukua. Alilieleza vizuri sana, akalitumia kuuza bastola. Leo anataka tuamini kwamba kijana huyohuyo, usiku huohuo, ni jiwe. Watafiti wa Houston waliwahoji vijana 153, wa miaka 13 hadi 34, waliojaribu kujiua na kunusurika chupuchupu. Karibu robo walisema kati ya kuamua na kutenda hazikupita dakika 5. Katika muda kama huo kilichopo chumbani ndicho kinachoamua, na kwa bunduki takriban 9 kati ya 10 hawanusuriki. Marekani ina namba 988 ya kupiga mtu anapofikia hapo. Katika orodha ya maandalizi anayowasomea vijana, haimo.

Akibanwa hapo hukimbilia kasiki: silaha ikifungwa hakuna hatari. Kufunga ni bora kuliko kutofunga, hilo halina ubishi, hasa penye watoto. Ila turejee maneno yake mwenyewe kuhusu mwizi wa saa nane za usiku: sekunde ndizo kila kitu, silaha iwe karibu na iwe tayari. Ikiwa tayari, haijafungwa. Ikiwa imefungwa, ule usiku wa mwizi aliotutisha nao unakwenda vingine. Atasema zipo kasiki zinazofunguka kwa alama ya kidole. Zipo. Zinamfungukia mwenye kidole, na takwimu za California zinamhusu huyohuyo.

Limebaki dai la mwisho, ambalo hutamkwa kwa kiburi kidogo: hatari ni yangu, uamuzi ni wangu. Kijana anayeanza kazi Seattle, kwa kodi za kule, haishi peke yake. Wanagawana nyumba wawili, watatu, au anaishi na mchumba. Mwaka 2022 Studdert na wenzake walitoa utafiti mwingine, safari hii juu ya watu wazima milioni 17.6 wa California ambao wenyewe hawakuwa na bastola. Walioishi na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya walioishi kwenye nyumba zisizo nayo. Uwezekano wa kupigwa risasi na kuuawa na mwenzi wao ulikuwa mara saba, na 84 kati ya kila 100 waliouawa hivyo walikuwa wanawake. Mwenye hoja ana maelekezo marefu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza: ukubwa wa risasi, mshiko unaofaa mkono mdogo, duka lenye bei nzuri. Sijasikia mahali anapomwambia amuulize kwanza anayelala chumba cha pili.